TOROLI LA MITUNGI YA GESI
Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika Taarifa mliyonayo mikononi, kwenye ukurasa wa hesabu za karakana, mtaona mstari mmoja usemao: Toroli la mitungi, Sh. 6,850. Mstari huo ni mfupi, na mtu aweza kuupita bila kuuliza neno. Walakini Kamati imeona kwamba haifai fedha za Wanachama zipite hivyo, nayo imetuamuru tusimame hapa tueleze toroli hilo ni kitu gani, lilipatikanaje, na kwa nini lilitengenezwa baada ya wakati wake kupita. Wale walioingia kwa mlango wa nyuma wameliona limesimama ukutani. Ni lile lenye magurudumu mawili ya pikipiki, lililopakwa rangi ya kijani.

Karakana yetu, kama mjuavyo, iliundwa ili vijana watokao nyumbani kuja hapa Nairobi wasikae bure barazani wakingoja barua ya kazi isiyokuja. Humo hujifunza kuchomelea milango, madirisha, vitanda na madawati ya shule. Kazi za namna hii zimewalisha watu wengi katika nchi yetu tangu zamani. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walipoandika taarifa yao juu ya Kenya, waliikumbusha dunia kwamba mafundi hawa wadogo si watu wavivu wala wasio na kazi, bali ni watu wenye kazi ambayo haikuwa ikihesabiwa. Leo twawaita watu wa jua kali, na mwenye kutaka kuwaona na aende Kamukunji, ambako sauti ya nyundo haikomi tangu asubuhi hata jioni.

Kazi nyingi za karakana hufanywa kwa mashine ya umeme. Lakini chuma kinene cha kukatwa, na chuma cha kupashwa moto kisha kikapindwa, huhitaji gesi. Basi tunayo mitungi miwili, mmoja wa oksijeni na mmoja wa asetilini. Gari la kuileta haliwezi kuingia katika kichochoro chetu. Huishusha barabarani, na kutoka hapo hata mlango wa karakana ni hatua kama mia nne, za mawe, matope na mtaro mmoja usio na daraja.

Katika mwezi wa Januari fundi wetu mkuu alituandikia barua fupi akiomba toroli la kubebea mitungi hiyo. Twaisema habari hii kwa aibu. Tuliipokea barua ile, tukaisoma, tukaandika pembeni neno moja, Ingoje, tukaitia katika kabati la mafaili. Tulidhani twaitunza akiba ya Chama. Mwezi wa Machi gesi ilipoletwa, tulikodi mkokoteni wa kawaida, na karatasi ya malipo tuliitia sahihi sisi wenyewe. Mitungi yote miwili ililazwa juu ya mbao kama magunia ya viazi, ikafungwa kwa kamba moja. Mkokoteni ulipofika mtaroni ukainama, kamba ikakatika, mtungi wa oksijeni ukabingirika ukamwangukia mguuni kijana aliyekuwa akisukuma kwa nyuma. Kijana huyo ana umri wa miaka 19. Mama yake ni Mwanachama, na yumo ukumbini humu. Madaktari walifanya waliloweza, lakini vidole viwili vya mguu wa kulia havikuokoka.

Wengi walikuja kutupa pole, na karibu wote walisema neno moja: Ajali haina kinga. Twawashukuru kwa wema wao. Methali hiyo wahenga waliitoa ili kumfariji mtu aliyefikwa na jambo asiloweza kulizuia, wala hawakuitoa iwe ngao ya karani aliyeletewa barua miezi miwili kabla. Ajali hii ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa magurudumu mawili, paipu chache na minyororo miwili, nasi tulikuwa tumeitia kabatini. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikumwachia mwenye mahali pa kazi nafasi ya kujificha nyuma ya methali. Yampasa kuwalinda wote wafanyao kazi kwake.

Ni vema Wazee wetu wajue mitungi hii ni vitu vya namna gani, maana sisi wenyewe hatukujua mpaka fundi alipotuketisha chini akatufundisha. Mtungi mkubwa wa oksijeni una uzito upatao kilo 70, na pengine zaidi. Lakini uzito ndio hatari yake iliyo ndogo. Ndani yake oksijeni imeshindiliwa kwa nguvu ya mara 150, au hata 200, ya hewa hii tuivutayo. Mtungi ukianguka na kichwa chake kikavunjika, gesi hutoka kwa kishindo, na chuma chote kikaruka kama risasi, na ukuta wa matofali waweza usikizuie. Siku ile ya Machi mtungi uliangukia ubavu wake wala si kichwa chake. Kwa hiyo twazungumza leo juu ya vidole viwili, wala si juu ya mazishi.

Asetilini nayo ina tabia yake. Gesi hiyo ikishindiliwa peke yake yaweza kulipuka hata bila cheche. Kwa sababu hiyo mtungi wake haukuachwa wazi ndani. Umejazwa kitu chenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo, kilicholoweshwa maji makali yaitwayo asetoni, na gesi huyeyuka humo ikatulia. Mtungi ukilazwa, asetoni huelekea mdomoni, na mtu akiufungua hali umelala, itatoka pamoja na gesi. Basi sharti usimame wakati wote, na kama ulilazwa, usimamishwe na kungojewa saa kadhaa kabla ya kutumiwa. Sisi tulikuwa tukiulaza kila safari, tena kijana akianza kazi papo hapo.

Kamati ilikutana mara tatu. Shauri la kwanza lilikuwa kununua toroli jipya dukani. Bei tuliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiasi kilichoandikwa katika Taarifa, na fedha hizo hazikuwapo ila katika Mfuko wa Misiba. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba Mfuko ule ni wa kuwarudisha marehemu nyumbani, na anayeugusa kwa kununua magurudumu atajibu siku atakapofiwa mtu na sanduku halina nauli. Mzee mwingine akajibu kwamba ni afadhali kutumia fedha za misiba kuzuia msiba. Wote wawili walisema kweli, na mjadala ukawa mkali. Ndipo fundi, aliyekuwa amenyamaza, akauliza: Je, ninyi mnao vijana kumi na wawili mnaowafundisha kuunga chuma, mwaenda dukani kununua chuma kilichoungwa? Hakuna aliyemjibu. Ikaamuliwa toroli litengenezwe na karakana yenyewe, kwa vyuma chakavu, na gharama isizidi Sh. 7,000.

Kuokota chakavu kwahitaji uaminifu. Habari ya karakana ilipoenea, alikuja mtu na nguzo nzuri ya chuma, nene na iliyonyooka, akitaka bei ya chai tu. Tulipoitazama tukaona bado ina alama za kibao cha barabarani. Tulimrudisha nayo. Mkumbuke kwamba ipo Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, imtakayo mfanya biashara hiyo awe na leseni na aandike anachonunua. Na katika Januari 2022 Serikali iliifunga biashara yote kwa muda, kwa kuwa watu walikuwa wakiharibu nguzo na nyaya za umeme ili wauze chuma chake. Mwenye kununua kibao kilichong'olewa barabarani amenunua ajali ya gari lijalo. Basi tulifungua daftari, na kila kipande cha toroli lile kimeandikwa humo: kilitoka wapi, kwa nani, na kwa bei gani. Daftari lipo mezani kwa Bwana Mwekahazina kwa yeyote atakaye kulitazama.

Bamba la kukalia mitungi lilikatwa katika sakafu ya lori bovu, kwa mwuza vyuma mmoja wa barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wetu hawaachi kuiita Grogan. Nguzo mbili za kusimama ni paipu za maji zilizotolewa katika nyumba iliyobomolewa. Mkono wa kushikia ni chuma cha kitanda cha zamani, alichokitoa mama mmoja Mwanachama bila malipo. Kasha la vifaa, lile lililofungwa kwa mbele, ni droo ya kabati letu la mafaili, ambayo reli zake zilikwisha kuvunjika. Ndiyo droo ile ile ilimolala barua ya Januari. Fundi aliichagua kwa kuwa bati lake ni zuri, nasi hatukuwa na neno la kusema.

Magurudumu yalitupa taabu. Kwanza tuliweka magurudumu ya wilibaro, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Toroli likaenda vizuri juu ya sakafu ya karakana, lakini lilipofika mtaroni gurudumu likazama lote, tukawa pale pale tulipokuwa mwezi wa Machi. Gurudumu dogo huliona kila shimo. Tukayauza, tukanunua mawili ya mbele ya pikipiki za bodaboda zilizokufa. Hapa tena vijana walitaka kuyafunga upande mmoja tu, kama gurudumu la gari. Fundi akakataa. Alituonyesha kwamba ekseli ya pikipiki ni nyembamba, unene wake kama kidole, nayo imezoea kushikwa kulia na kushoto. Ikishikwa upande mmoja chini ya kilo 150 za mitungi, itapinda kabla ya mwezi kwisha. Basi kila gurudumu likawekewa vibao viwili vya chuma, kimoja ndani na kimoja nje, likakaa katikati kama lilivyokaa katika pikipiki.

Paipu za maji nazo zilitufundisha kwa ukali. Paipu hizo hupakwa zinki ili zisishike kutu. Kijana mmoja alizichomelea ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Usiku ule alishikwa na homa, akatetemeka na kuumwa kifua, na wenzake wakadhani ni malaria. Kesho yake jioni alikuwa mzima. Fundi alipoambiwa akajua mara moja: ni homa ya moshi wa zinki, ambayo wachomeleaji wengi wameionja. Wapo wanaosema kwamba mtu akinywa maziwa kwanza haimpati. Maziwa ni chakula chema, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni. Dawa yake ni kuisugua zinki itoke mahali pa kuunga, kufanya kazi hiyo nje, na kusimama pale ambapo upepo unaupeleka moshi mbali na uso. Kazi iliyobaki ilifanywa hivyo, na hakuna aliyeugua tena.

Mambo mengine mawili twayasema ili vijana wayashike. Mmoja wao alileta tangi la petroli la gari bovu, akitaka kulipasua kwa moto apate bati la kuwekea katikati ya mitungi. Lilikuwa kavu, akidhani ni salama. Fundi alimnyang'anya. Tangi tupu huogofya kuliko lililojaa, kwa maana ndani yake umebaki mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na cheche moja yatosha kulipasua mikononi mwa mtu. Mwingine alileta mnyororo wa pikipiki wa kufungia mitungi, imara kweli kweli, bali umejaa grisi. Huo nao ulikataliwa. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta au grisi, moto waweza kuzuka bila mtu kuwasha kiberiti. Tulinunua minyororo mipya mikavu, mmoja wa kufunga mitungi juu na mmoja chini, na tokea siku ile ni mwiko kwa mtu mwenye mikono ya mafuta kugusa mtungi.

Toroli lilipokwisha, vijana walitaka kupakia mitungi siku ile ile na kupiga picha. Fundi alisema chuma nacho kifanyiwe mtihani. Tulijaza mchanga mifuko minne ya saruji, tukaifunga kwa minyororo ile, nayo ikapita uzito wa mitungi. Tukalisukuma toroli barabarani na kurudi, mara kumi, kila mara likivuka mtaro. Katika safari ya sita, kiungo kimoja chini ya bamba kilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Kilisuguliwa, kikaungwa upya, kikaongezwa kipande cha pembe tatu cha kukitia nguvu. Mtihani ukaanza tena tangu safari ya kwanza. Mara ya pili halikuonekana kosa.

Gharama ilikuwa hivi: magurudumu, baada ya kuuza yale ya kwanza, Sh. 2,400, bamba Sh. 1,200, paipu Sh. 900, vijiti vya kuchomelea Sh. 700; vibao, nati na bolti Sh. 650, minyororo Sh. 500, rangi Sh. 500. Jumla Sh. 6,850. Hatutaki mtu aseme kwamba chakavu ni bure. Zilikwenda Jumamosi nne za fundi, ambaye alikataa ujira akakubali chai, na usiku mmoja wa homa ya kijana wa watu. Gharama hizo hazina mstari katika Taarifa, ndiyo sababu twazitaja hapa.

Tumebakiwa na maneno machache. Toroli hili ni la kusafirishia na kufanyia kazi, si la kuhifadhia. Jioni mitungi hushushwa na kutengwa. Katika nchi ya Marekani kanuni ya kazi yataka mtungi wa oksijeni uwe mbali na wa asetilini mita 6 stoo, au patenganishwe kwa ukuta usioshika moto wenye kimo cha mita 1.5. Stoo yetu ni ndogo, hivyo tumejenga ukuta wa matofali. Ufunguo wa asetilini hukaa juu ya mtungi muda wote wa kazi, ili mtu aweze kuufunga haraka asianze kuutafuta mfukoni mwa mwenzake.

Lakini bado pana upungufu mmoja. Moto waweza kurudi nyuma kwa njia ya mpira hata mtungini, na vipo vifaa vidogo vya kuuzuia, vinavyofungwa penye mitungi. Karakana yetu haina hata kimoja. Vifaa hivi havitengenezwi kwa chakavu, wala fundi wetu hatajaribu. Sharti vinunuliwe vipya. Juu ya hayo, kati ya vijana kumi na wawili, saba wanafanya kazi kwa ndara. Fundi ametuandikia barua ya pili juu ya mambo haya mawili. Safari hii hatukuandika neno lolote pembeni yake. Tumeileta kama ilivyo, na ombi la Kamati ni kwamba kila Mwanachama atoe Sh. 200 zaidi ya mchango wake wa mwaka, na Mfuko wa Misiba usiguswe.

Yule kijana aliyeumia amerudi kazini tangu Agosti. Kwa sasa hachoki haraka akiwa ameketi, nasi tulimtengenezea kiti kirefu cha chuma. Kiungo kile chenye kipande cha pembe tatu alikiunga yeye. Mama yake alipoulizwa na Kamati kama anataka kusema neno katika mkutano huu, alisema hana la kuongeza, ila angependa kujua kama barua za mafundi zitakuwa zikisomwa. Tulimjibu kwamba zitasomwa katika kila kikao cha Kamati kabla ya shauri jingine lolote, na jibu hilo limeandikwa katika kumbukumbu za mwezi wa Septemba.

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu, Wanachama: hayo ndiyo maelezo ya ule mstari mmoja. Twaomba mlijadili ombi la Kamati kabla ya chakula, ili atakayekataa akatae kwa sauti, na atakayekubali aandike jina lake. Daftari na kalamu viko mezani.